Biskuti Mia Moja na Tano

Kila Jumamosi asubuhi, Joyeuse Umugwaneza alifuta jibini kumi kwa kitambaa safi, akazipanga ndani ya beseni na kuzifunika. Jibini hizo zilitoka Masisi, ambako baba yake, Twagirayezu, alichunga ng'ombe wa ukoo. Zilishuka mjini Goma kwa lori siku ya Ijumaa, na mama yake, Donatille, aliziuza sokoni. Lakini kumi kati ya hizo zilikuwa kazi ya Joyeuse. Alizibeba kichwani, akapita kwenye vijia vya mawe meusi vya mtaa wa Ndosho, nyumba hadi nyumba, kwa wateja waliomjua. Kabla ya saa sita mchana beseni lilikuwa tupu.

Mama alimpa faranga mia mbili kwa kila jibini aliyouza. Hizo zilikuwa faranga elfu mbili kwa wiki, noti nne za mia tano.

"Hizi ni zako," mama alimwambia mwanzoni mwa mwaka wa masomo. "Mwaka kesho unaingia sekondari. Utahitaji uniforme mupya na viatu. Mimi nitalipa chakula na nyumba. Wewe weka hizi, kidogo kidogo."

"Ndiyo, mama," alijibu Joyeuse. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno hayo yalimfanya ajisikie mkubwa.

Siku hizo benki za mji zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita, na watu waliweka makuta yao, yaani pesa, kwenye vikundi, chini ya godoro au ndani ya makopo. Joyeuse alichukua kopo la maziwa ya unga, mama akatoboa mfuniko kwa kisu, wakauzungushia utepe wa gundi. Kila Jumamosi Joyeuse aliingiza noti nne mbele ya macho ya mama yake. Mdogo wake Bénita, mwenye miaka minane, alipenda kusimama karibu na kuhesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, ine!"

Shida ilianzia darasani. Jumatatu moja, Ushindi, msichana aliyekaa naye dawati moja, alibana pua na kuuliza kwa sauti, "Nani hapa ananuka maziwa ya kuganda?" Darasa zima likacheka. Joyeuse alikuwa ameoga kwa sabuni asubuhi ile. Hata hivyo alinusa mikono yake kwa siri chini ya dawati, na hakuweza kujua kama harufu ilikuwa kwenye ngozi yake au kwenye maneno ya Ushindi tu.

Kesho yake alivuta noti moja kutoka kwenye tundu la kopo kwa pini ya nywele. Wakati wa mapumziko alinunua pakiti ya biskuti kwa mwanamke mmoja aliyeuza langoni mwa shule, akaigawa. Ushindi alichukua tatu. Akasogea karibu, akamwekea Joyeuse mkono begani. Siku hiyo hakuna aliyesema neno juu ya harufu.

Basi Joyeuse alinunua tena siku iliyofuata. Na nyingine. Mara kwa mara alijiambia, "Hii ni ya mwisho. Jumamosi nitarudisha." Jumamosi aliingiza noti nne, na kufikia Ijumaa zilikuwa zimetoka. Hakuandika popote. Hakutaka kuhesabu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mama alinyanyua kopo alipokuwa akifagia. Akalitikisa karibu na sikio.

"Joyeuse! Miezi mine, na hili kopo halisemi kitu?"

"Nimezikunja vizuri, mama. Zimelala chini."

Mama alilirudisha mahali pake bila kuuliza zaidi. Alimwamini. Mchana uliofuata, mama akiwa sokoni, Joyeuse alitafuta karatasi. Daftari zake zote alizihitaji. Akaona daftari kuukuu la Bénita la mwaka wa kwanza, akakata kurasa zake vipande vya ukubwa wa noti, akavisukuma kimoja kimoja ndani ya tundu. Alipotikisa kopo, lilitoa sauti nzuri. Alikaa juu ya kitanda akilitazama, na uso ukamwaka kana kwamba kuna mtu mlangoni. Hapakuwa na mtu.

*

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mama alirudi kutoka kanisani akitabasamu. Alikuwa katika kikundi cha akiba cha akina mama, na mwenyekiti wao alikuwa mama Julienne, muuza viazi na kabichi za Kibumba.

"Mama Julienne anataka watoto waliojifunza kuweka makuta walete makopo yao Jumapili ijayo," alisema. "Yatafunguliwa mbele ya kikundi. Na kikundi kitamwongezea kila mutoto nusu ya alichoweka! Joyeuse, nimewaambia wote habari yako. Nimesema, mutoto wangu ameweka wiki makumi mawili na saba bila kuruka hata moja."

Joyeuse alijaribu kucheka. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi.

Wiki ile hakununua biskuti. Siku ya Jumatano alijikaza, akamwambia Ushindi, "Unaweza kunisaidia faranga elfu tano? Nitakurudishia."

Ushindi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Nitatoa wapi?"

"Nimekununulia biskuti tangu mwezi wa tisa."

"Nilikuomba?" aliuliza Ushindi. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi, kwa sababu Joyeuse alijua kwamba hakuwahi kuombwa.

Jumapili ilifika. Katika ukumbi mdogo wa kanisa, mama Donatille alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha sikukuu, Bénita pembeni yake. Kopo la kwanza lilikuwa la mvulana aitwaye Éphraïm. Lilikutwa na faranga elfu ishirini na moja, na akina mama wakapiga makofi.

"Sasa Joyeuse, binti ya mama Donatille," aliita mama Julienne. "Huyu ndiye mwalimu wetu leo."

Joyeuse alisimama karibu na meza. Mama Julienne alikata utepe, akafungua mfuniko na kumimina. Zilianguka noti saba za mia tano. Kisha ikafuata lundo la karatasi za mistari.

Mama mmoja wa kikundi, mama Mukamugema, aliokota karatasi moja akaisoma: "Ba, be, bi, bo, bu." Akaokota nyingine. Akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakatua kwa Bénita. "Huu ni mwandiko wa mutoto mudogo. Mama Donatille, nafikiri mwizi wako unamlisha mwenyewe nyumbani."

Watu wote walimtazama Bénita. Bénita alimtazama dada yake.

"Joyeuse," aliuliza mama Julienne, "unajua nini juu ya hii?"

Ilikuwa nafasi. Joyeuse aliiona wazi, kama mlango ulioachwa wazi. Lakini aliona pia nyuso thelathini, na kitenge cha sikukuu cha mama yake, na vidole vya mama yake vilivyokuwa vimeshika kitenge hicho kwa nguvu.

"Sijui," alisema.

*

Walirudi nyumbani. Mama alitangulia, akitembea haraka, hakusalimia jirani yeyote. Walipoingia ndani alikaa kwenye kigoda, vile vipande vya daftari mkononi.

"Bénita, kuja hapa. Hii kaye ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Lakini sikukata mimi."

"Nani alikata? Panya?"

"Sijui, mama." Bénita alianza kulia. "Naapa, si mimi."

"Kaa pale pembeni mpaka ukumbuke kusema kweli," mama alisema. Kisha akafunika uso kwa kitenge chake, mabega yakatikisika. Joyeuse hakuwahi kumwona mama yake akilia tangu siku walipokimbia vita kutoka kijijini.

Bénita alisimama pembeni kwa muda. Halafu alikwenda kwenye kona aliyoweka nguo zake, akarudi na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na faranga elfu moja na mia tano, zawadi aliyopewa na mjomba wake siku ya Noeli. Aliiweka juu ya mapaja ya mama.

"Mama, chukua hii. Kama ni mimi nilifanya na nimesahau, chukua. Usilie."

Alitamani ardhi ya Goma ipasuke kama inavyopasuka wakati wa volkano, imchukue yeye peke yake.

"Ni mimi," alisema.

Mama alitoa kitenge usoni. "Nini?"

"Ni mimi, mama. Nilichukua makuta yote. Nilinunua biskuti masomoni. Nilikata kaye ya Bénita ili usijue. Yeye hakufanya kitu."

Alingoja kupigwa. Mama hakumpiga. Alimtazama kwa muda mrefu, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. Kisha akamvuta Bénita, akamkumbatia, akamfungia tena fundo la leso yake na kumrudishia mkononi. "Unisamehe, mama yangu mudogo," alimnong'oneza. "Nimekukosea."

Halafu akamgeukia Joyeuse.

"Makuta uliyokula yalikuwa ya kwako. Umejiumiza mwenyewe, na mimi umenitia haya mbele ya wenzangu. Nitapona. Lakini jina la Bénita halikuwa lako. Ulilitoa kulipia kosa lako, mbele ya watu. Jumapili ijayo utasimama palepale ulirudishe. Na kesho, ukitoka masomoni, utakwenda kwa mama Julienne. Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakuja."

*

Mama Julienne alikuwa ameketi nyuma ya marundo ya viazi sokoni. Joyeuse alimsalimu kwa kuinama, akaeleza yote akitazama viazi. Hakuficha chochote, hata habari ya harufu na Ushindi. Alipomaliza, mama Julienne aliuza kwanza kabichi mbili kwa mteja, akarudisha chenji, ndipo akasogeza gunia tupu.

"Kaa. Una biki na karatasi?"

"Ndiyo, mama." Joyeuse alitoa kalamu na karatasi kwenye mfuko wa shule.

"Andika. Wiki ngapi? Kila wiki ngapi? Jumla ngapi?"

Joyeuse alipiga hesabu. "Wiki ishirini na nane, faranga elfu mbili. Jumla elfu hamsini na sita."

"Na kopo lilikuwa na ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano."

"Kwa hiyo zimetoka ngapi, na zimekwenda wapi?"

"Zimetoka elfu hamsini na mbili na mia tano. Zimekwenda..." Joyeuse alisita. "Mama Julienne, sikununua kitu chochote kikubwa. Ni biskuti tu za mia tano."

"Basi gawanya kwa mia tano."

Joyeuse aligawanya. Alifikiri amekosea, akagawanya tena. Uso wake ulipata moto mpaka masikioni. "Mia moja na tano," alisema kwa sauti ndogo.

"Pakiti mia moja na tano," alirudia mama Julienne. "Ungeziona zote siku moja mbele yako, ungeweza kuzinunua?"

"Hapana, mama."

"Ndiyo maana makuta yanapenda kutoka moja moja. Yakitoka pamoja tunayaona." Mama Julienne alipanga viazi vilivyokuwa vimeporomoka. "Sikucheki. Nilipoanza biashara hii nilikuwa ninauza kila siku, ninakula kila siku, na nilifikiri ninapata faida. Siku moja nilikwenda Kibumba kuchukua gunia jipya, nikakuta sina hata makuta ya nusu gunia. Nilikuwa nimekula mtaji. Nilimwambia mume wangu kwamba nimeibiwa njiani. Mwaka mzima alimchukia dereva ambaye hakufanya kitu."

Joyeuse alinyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Sasa geuza karatasi. Mwezi wa tisa unahitaji nini? Bei gani?"

Waliandika pamoja. Uniforme, kitambaa na fundi: elfu thelathini. Viatu: elfu ishirini. Mfuko wa shule: elfu kumi na tano. Jumla ilikuwa elfu sitini na tano. Zilibaki wiki ishirini. Kwa faranga elfu mbili kila wiki, Joyeuse angepata elfu arobaini.

"Haitoshi," alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga. Alikumbuka pia nyongeza ya kikundi. Elfu ishirini na nane ambazo angepewa bure zilikuwa zimekwenda na biskuti.

"Haitoshi kwa vyote vitatu," alisema mama Julienne. "Kitu gani hapo kinaweza kungoja?"

Joyeuse alifikiri. "Mfuko. Wa sasa umechanika, lakini naweza kuushona."

"Ufute. Sasa imebaki elfu hamsini. Gawanya kwa wiki ishirini."

"Elfu mbili na mia tano kila wiki."

"Nawe unapata elfu mbili. Hizo mia tano zitatoka wapi? Usiniambie mimi. Jiambie mwenyewe."

Joyeuse alisoma tena karatasi yake. Kisha akaandika: jibini tatu zaidi, faranga mia sita. Wateja wake wa Ndosho hawakuhitaji zaidi ya kumi. Ingembidi kwenda mpaka Himbi, kwenye nyumba kubwa karibu na ziwa, barabara aliyokuwa ameikwepa mwaka mzima. Ushindi aliishi huko.

"Nimeona," alisema. "Lakini ni vigumu."

"Andika hivyo hivyo," alisema mama Julienne. "Na makuta usiweke tena ndani ya kopo lenye tundu. Kila Jumapili utaleta kwangu, nitaandika, utatia sahihi."

*

Jumapili Joyeuse alisimama tena mbele ya akina mama. Alikuwa amejifunza maneno mazuri ya kusema, lakini yote yalimtoka kichwani.

"Makuta nilichukua mimi," alisema. "Bénita hakujua. Niliposema sijui, nilidanganya. Mdogo wangu si mwizi."

Hakuna aliyepiga makofi, na yeye hakuyangoja. Mama Mukamugema ndiye aliyeinuka. Alikwenda mpaka alipokaa Bénita, akapiga goti na kumshika mikono yote miwili. "Mutoto wangu, nilisema kitu nisichokijua. Unihurumie." Bénita alijificha nyuma ya mama yake kwa aibu, lakini mkono wake mmoja aliuacha pale pale.

Jumamosi iliyofuata Joyeuse alitoka na jibini kumi na tatu. Alipouza kumi, alichukua njia ya Himbi. Alipita mbele ya geti la buluu mara mbili kabla ya kubisha. Aliyefungua alikuwa Ushindi mwenyewe. Alimwangalia Joyeuse, kisha beseni.

"Habari, Ushindi," alisema Joyeuse. "Ninauza jibini ya Masisi. Mama yako yupo?"

Ushindi aligeuka akaingia ndani. Joyeuse alibaki getini akitaka kukimbia. Baada ya muda mfupi mama mmoja mrefu akatoka, akanyanyua kitambaa, akanusa na kutabasamu. "Aksanti kwa kutuletea mpaka nyumbani! Ninapandaka mpaka sokoni kila wiki kutafuta hii. Nipe mbili. Na uje kila Jumamosi."

Ushindi alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. "Ndiyo ile tunakulaka asubuhi?" aliuliza polepole.

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema mama yake. "Unafikiri inaota kwenye mti?"

Ushindi alitazama chini. Jumatatu darasani alikaa dawati jingine, na baada ya siku kadhaa akarudi. Hawakuongea juu ya jambo hilo. Wakati wa mapumziko Joyeuse alikula kiazi alichotoka nacho nyumbani, na watu wawili watatu walikaa naye hata hivyo.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa saba barabara ya Masisi ilifungwa, lori halikushuka, na wiki nzima hakuuza hata jibini moja. Wiki hiyo alikwenda kwa mama Julienne mikono mitupu na akaandika sifuri, akatia sahihi chini yake. Zile elfu tatu na mia tano zilizobaki kwenye kopo, alizokuwa ameziona ni aibu tu, ndizo zilizoziba pengo.

Mwishoni mwa mwezi wa nane walipiga jumla: elfu hamsini na mbili na mia tisa. Mama Donatille alimsindikiza kwa fundi na kwa muuza viatu, lakini Joyeuse ndiye aliyelipa. Zilibaki faranga elfu mbili na mia tisa. Aliziacha kwa mama Julienne, chini ya neno jipya: mfuko.

Njiani kurudi, mama alibeba viatu, Joyeuse akabeba nguo.

"Mama," alisema Joyeuse, "bado naona haya nikikumbuka."

"Ninajua," alisema mama. "Na ni vizuri ibaki kidogo. Sikiliza, mutoto wangu. Mutu asiyejua makuta yake yamekwenda wapi, siku ya kuulizwa atatafuta mwingine wa kumbebesha. Wewe ulimbebesha Bénita. Wakubwa wanambebesha mume, jirani, dereva. Kwa hiyo jua unachopata, jua kinakokwenda, na jua unakitakia nini. Makuta si makubwa kuliko mutu. Tunayahesabu ili tusije tukamtoa mutu kwa ajili yake."

"Nimesikia, mama."

Mbele yao, kwenye kona ya barabara, mama Mukamugema alikuwa akija na kikapu chake. Masikio ya Joyeuse yalianza kuwaka kama kawaida. Hakuvuka upande wa pili. Alinyoosha mgongo, akamngoja afike, akatangulia kumsalimu.